Mpunga, Busta na Polo la Darajani

Wadau, historia ya Zanzibar tuliyosomeshwa skuli ilikuwa na harufu moja tu: karafuu. Nani alileta mche, mwaka gani Seyyid Said alihamia, kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingapi. Mtoto wa darasa la sita angeweza kukujibu bila kufikiri. Lakini karafuu hatuli. Tunachokula, mchana na mara nyingi usiku, ni wali, na sikumbuki hata kipindi kimoja ambacho mwalimu alisimama mbele yetu akaeleza mpunga umetoka wapi, nani aliulima na kwa nini leo polo tunalolipakia kwenye daladala pale Darajani limeandikwa Pakistan, India au Thailand.

Nalianzisha hili kwa sababu ya chupa. Siku hizi wakulima wa mabonde ya Unguja wanauziwa mbolea za maji za kunyunyizia majanini, wenyewe wanaziita busta. Chupa ya lita moja, picha ya shuke la mpunga lililoinama kwa uzito, na ahadi kubwa kubwa: mavuno mengi, punje nzito, mchele mweupe. Je, ni kweli? Mtu anaweza kujibu kwa mstari mmoja, lakini ukijibu hivyo utakuwa umeikosa hadithi yenyewe. Visiwa hivi vimeshaahidiwa dawa ya mpunga mara nyingi, kila zama na dawa yake. Kwa hiyo tuanze nyuma kidogo.

Kwanza tazama lugha yetu. Ukiwa shambani ni mpunga, ukitwangwa ni mchele, ukipikwa ni wali. Uliovunjika ni chenga, ganda ni kapi, vumbi lake ni wishwa, uliogandia chini ya sufuria ni ukoko, na ukoko una mashabiki wake wanaoweza kugombana kwa ajili yake. Watu hawatoi majina mengi hivyo kwa kitu walichokianza jana. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameliona hilo ardhini. Kule Pemba, katika kijiji cha kale cha Tumbe, kilichokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10 hivi, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele, na mpunga ulikuwa kidogo. Ukija Chwaka ya Pemba, mji uliofuatia hadi karne ya 15, mpunga ndio umeshika. Mtafiti Sarah Walshaw, aliyezichambua punje hizo zilizoungua, aliyahusisha mageuzi hayo na kukua kwa miji na Uislamu: wali ulikuwa chakula cha kumkirimu mgeni, cha karamu, cha heshima. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vyake. Harusi za Mwembetanga hazijabadilika sana tangu hapo.

Sasa hapa ndipo wengi hushangaa. Visiwa hivi viliwahi kulisha wengine. Zama za Wareno, Pemba ilikuwa ghala la Mombasa, na mchele ulivuka bahari kwenda kule, si kuja huku. Kilichogeuza mkondo ni ile ile karafuu ya vitabuni. Iliingia mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya bei yake kuwatia watu wazimu, ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja ikajazwa mikarafuu, na nguvu za watumwa zikaelekezwa huko. Profesa Abdul Sheriff ameyaeleza haya vizuri katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe. Kabla karne haijafika katikati, Zanzibar ilikuwa inaagiza mchele kutoka India na Madagascar. Yaani tulianza kuuza kitu cha kunukia ili tununue kitu cha kula. Biashara hiyo ina faida nzuri mpaka siku meli isipofika.

Na siku hiyo ilifika. Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na kwa miaka karibu 40 iliyofuata, mchele uliokuja mjini ulikuwa kwa wingi ni wa Burma. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma. Vita iliyokuwa mbali kabisa na sisi ikaingia jikoni. Serikali ya Waingereza ikaanzisha mgao wa chakula, na mgao huo ukapangwa kwa asili ya mtu: Wahindi na Waarabu walihesabiwa kuwa ndio walaji wa mchele, Mwafrika akaelekezwa kwenye mahindi na muhogo, kana kwamba yeye wali ameuona juzi. Wanahistoria wameeleza jinsi mambo kama hayo yalivyowafanya watu kulichunguza upya jina waliloandikiwa kwenye karatasi za serikali, na wengine wakaona afadhali kujiandikisha Washirazi. Siasa iliyolipuka miaka ya 1950 ilikuwa na vyanzo vingi, lakini ukiniuliza mimi, kibaba cha mchele kimo ndani yake.

Halafu Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi ikataifishwa, wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Rais Abeid Amani Karume alitaka visiwa vijilishe. Wazo lenyewe nani alipinge? Nchi iliyowahi kuona mgao wa 1942 ilikuwa na haki ya kuota kujitegemea. Lakini mwaka 1971 likaja jambo ambalo wazee wetu mpaka leo wakilizungumza hushusha sauti: uagizaji wa chakula kutoka nje ukasimamishwa, mchele ukiwemo. Mabonde yalikuwa bado yanategemea mvua, maji ya mifereji hayakuwepo, mbegu zilikuwa zile zile ndefu za miezi mitano au sita, na mbolea ni ya kubahatisha. Agizo likatangulia mpunga. Zikaja foleni, ukaja mgao, na watu wakala muhogo na ndizi, na waliokuwa na jamaa Dar es Salaam au Mombasa wakategemea kificho. La kuuma zaidi ni kwamba serikali haikuwa maskini wakati huo. Karafuu ilikuwa inauzwa vizuri Indonesia, na fedha za kigeni zilikuwa zimewekwa akiba nje. Karume aliuawa Aprili 7, 1972, na chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe, mchele ukarudi kuagizwa.

Najua wapo watakaosema naleta siasa kwenye makala ya mbolea. Lakini mpunga ndivyo ulivyo hapa kwetu, huwezi kuutenga. Na fundisho moja la 1971 ni la kilimo kabisa: mmea hauli amri. Unakula naitrojeni, fosforasi, potasiamu, na vitu vingine vichache kwa kiasi kidogo sana.

Baada ya hapo serikali ilianza kufanya kazi kwa utaratibu zaidi. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, mabonde ya umwagiliaji yakaanza kutengenezwa Unguja na Pemba: Mtwango, Mwera, Kibokwa, Upenja, Cheju, Bumbwini. Kasi haikuwa ya kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 80 bei ya karafuu ikaanguka kwa sababu Indonesia yenyewe ilikuwa imepanda ya kutosha. Mwaka 1984, chini ya Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ikafunguliwa, wafanyabiashara binafsi wakaanza kuleta mchele, na Darajani ikajaa tena. Mjini watu walishukuru, na wana haki. Lakini mkulima wa bonde akajikuta anashindana na Thailand. Mpango mkuu wa umwagiliaji wa miaka ya 2000 ulihesabu hekta 8,521 zinazofaa kumwagiliwa Zanzibar nzima. Sehemu iliyokuwa na mifereji wakati huo ilikuwa ndogo sana, na ndiyo maana baadaye ukatafutwa mkopo wa Korea Kusini kujenga mabonde mengine, Cheju, Kinyasini na Chaani yakiwemo. Sehemu kubwa ya mchele tunaoula bado inatoka nje ya visiwa. Mwaka 2008 bei ya mchele wa Thailand ilipofika karibu dola 1,000 kwa tani tuliisikia papo hapo sokoni, na Julai 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, marufuku iliyodumu mpaka Septemba 2024, tuliisikia tena.

Haya, chupa sasa.

Kulisha mmea kwa majani si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1844, Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha kuwa majani yaliyogeuka manjano yanaweza kurudi kijani yakipakwa maji ya chumvi ya chuma. Mwaka 1916, huko Hawaii, visiwa kama sisi, mananasi yalikuwa yanafifia kwenye udongo uliojaa manganizi, na Maxwell Johnson akagundua kuwa kunyunyizia chumvi ya chuma kunayaponya. Udongo haukuwa na upungufu wa chuma. Chuma kilikuwemo, ila kimefungiwa, mizizi haikipati. Shika hapo, maana ndipo busara yote ya mbolea ya majani ilipo. Ni mlango wa nyuma, wa kutumia mlango wa mbele ukiwa umekwama.

Miaka ya 1950, H. B. Tukey na Sylvan Wittwer wa Michigan walitumia virutubisho vyenye mionzi, vilivyopatikana kutokana na elimu ile ile iliyozaa bomu, wakavifuatilia kwa vipimo na kuthibitisha kuwa jani linanyonya na kusafirisha chakula mpaka mizizini. Kuanzia hapo wauzaji walipata lugha ya kisayansi ya kuandika kwenye chupa.

Upande wa mpunga, kisa ninachokipenda ni cha India. Chini ya milima ya Himalaya, Pantnagar, wakulima walikuwa wakiona mpunga wao ukipata madoa ya kahawia na kudumaa. Waliuita ugonjwa huo khaira, kwa rangi ya katu. Ndiyo, katu ile ile ambayo bibi zetu huitia kwenye tambuu. Watu wakidhani ni vijidudu. Mwaka 1966 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Y. L. Nene, akatangaza kuwa si ugonjwa wa kuambukiza, ni njaa: mpunga umekosa zinki. Dawa ikawa kunyunyizia salfeti ya zinki kilo 5 na chokaa iliyozimwa kilo 2.5 katika lita 1,000 za maji kwa hekta. Katu na chokaa, tambuu kamili! Ilikuwa mara ya kwanza duniani upungufu wa zinki kutambuliwa kwenye mpunga shambani, na baadaye ukaonekana nchi nyingi za Asia.

Kwa nini zinki? Kwa sababu mpunga unakaa majini. Udongo ukifurikwa, zinki hujifunga na mizizi haiipati vizuri. Na kama udongo au maji yana chokaa nyingi, hali ni mbaya zaidi. Sasa kumbuka Unguja imejengwa juu ya mawe ya matumbawe. Mashariki yote ni uwanda na maweni, na maji ya visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la chokaa hubeba bikaboneti, kitu kinachozidi kuibana zinki. Mkulima wa bonde la umwagiliaji ana kila sababu ya kuuliza habari za zinki. Swali ni kama busta anayouziwa inamjibu.

Tupige hesabu, maana wakubwa wa matangazo hawapendi hesabu. Tani moja ya mpunga inahitaji mmea uchukue naitrojeni kilo 15 hadi 20. Eka moja ikitoa tani 2, unahitaji kilo 30 hadi 40. Polo moja la urea la kilo 50 lina naitrojeni kilo 23. Chupa ya lita moja ya busta, hata tuseme ina naitrojeni asilimia 20, ina gramu 200 tu. Kwa hiyo ili ulifikie polo moja la urea unahitaji chupa 115. Na huwezi kuzimwaga zote, kwa sababu ukizidisha nguvu ya mchanganyiko majani yanaungua. Kwa naitrojeni, basi, busta ni sambusa moja kabla ya futari. Anayemwambia mkulima kuwa chupa inachukua nafasi ya urea anamwibia, na mwaka 2022, bei ya urea ilipopaa baada ya vita vya Ukraine, maneno hayo yalipata wasikilizaji wengi.

Lakini kwa zinki hesabu inageuka. Mmea unaihitaji kwa gramu, si kwa kilo, na hapo jani linatosha kuwa mlango. Watafiti walifanya majaribio katika nchi tano, China, India, Laos, Thailand na Uturuki, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kunyunyizia zinki majanini kuliongeza zinki ndani ya mchele uliotolewa ganda bila kusuguliwa kwa takriban robo nzima. Kuiweka udongoni peke yake hakukuongeza hata asilimia 3. Na mavuno je? Yaliongezeka kwa asilimia 5 hivi. Soma tena tofauti hiyo: kitu kilichobadilika sana ni kilicho ndani ya punje, si idadi ya mapolo. Tena wakati ndio kila kitu. Ukinyunyiza mpunga ukiwa mdogo unauponya mmea. Ukinyunyiza baada ya kuchanua, punje ikiwa bado maziwa, ndipo unapoilisha punje yenyewe.

Kwa nini tujali? Mtoto anayekula wali kutwa na kitoweo kidogo ndiye anayekosa zinki, na upungufu wake unahusishwa na kudumaa na kuharisha. Kwa bahati nzuri zinki haikai yote kwenye wishwa kama sehemu kubwa ya chuma inavyokaa, nyingine imeingia ndani ya punje, kwa hiyo mashine ya kukobolea haiiondoi yote.

Tatizo ni kwamba soko halioni zinki. Nilimuuliza mzee mmoja anayeuza mchele Darajani, katika mapolo yake matano yaliyofunguliwa, anampimaje mchele mzuri. Akachota ganja moja, akaupuliza. "Kwanza unautia puani, mwanangu. Halafu unautazama chenga. Mengine utayajua nyumbani." Nikamwambia kuna mchele wenye virutubisho zaidi. "Inshaallah," akasema, "lakini ukivunjika hauna mteja, hao kuku ndio wateja wake." Yule mzee ameeleza elimu nzima ya ubora wa mchele kwa sentensi tatu. Bei inafuata harufu na uzima wa punje. Mapembe yana bei yake, mchele wa Mbeya una bei yake, basmati ndiyo kabisa.

Harufu yenyewe ina historia. Mapema miaka ya 1980 Ron Buttery na wenzake huko California waligundua kiini chake, kemikali iitwayo asetili-pairolini, inayonukia hata ukitumia chembe ndogo mno. Kuwa nayo au kutokuwa nayo ni suala la mbegu kwanza. Hakuna chupa itakayoupa mchele usionukia harufu ya Supa. Watafiti wa kusini mwa China wameonyesha kuwa kunyunyizia zinki kunaweza kuizidisha harufu hiyo kwenye mbegu ambazo tayari zinanukia. Chenga nazo hutokana zaidi na jua kali wakati punje inajaa, kuchelewa kuvuna, kuanika vibaya na mashine mbovu. Mkulima anayeacha mpunga ukauke mpaka upasuke shambani, halafu ananunua busta ili mchele usivunjike, ametibu goti wakati kinachouma ni jino.

Hapa nawasifu watu wa Kizimbani na wizara, kwa sababu mara nyingi tunawasema tu. Walichukua Supa India, mpunga mrefu unaopendwa kwa harufu lakini unaolala ukishiba mbolea, na kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wakatumia mionzi kupata Supa BC, yenye mavuno makubwa na harufu bado imo. Umeona? Mionzi ile ile iliyomwonyesha Tukey kuwa jani linakula ndiyo iliyotumika kuutengeneza mmea wenyewe. Na hatua hiyo imeongeza mavuno kwa namna ambayo chupa haiwezi hata kukaribia.

Kuna jambo Waturuki walilifanya ambalo nadhani linatufaa kuliko chupa. Katikati ya miaka ya 1990 Ismail Cakmak na wenzake waligundua kuwa ngano ya Anatolia ya kati inakufa njaa ya zinki. Hawakuwaambia wakulima kila mmoja atafute dawa yake dukani. Viwanda vikaanza kutia zinki ndani ya mbolea ya kawaida, ile ambayo mkulima angeinunua tu, na katika miaka michache matumizi yakafika mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka. Zanzibar serikali ndiyo imekuwa ikipunguza bei ya mbolea na mbegu za mpunga na ndiyo inayoagiza, kwa hiyo polo la mbolea linaloingia bandarini linaweza kuandikwa zinki ndani yake kabla halijafika Cheju. Kunyunyizia majanini kungebaki kwa kazi yake halisi: bonde lililoonyesha madoa ya rangi ya katu, au shamba ambalo mchele wake umekusudiwa kwenda jikoni kwa watoto.

Wenye mabonde Bumbwini, Mtwango au kule Pemba, mliotumia busta misimu miwili mitatu, nileteeni vipimo: eka ngapi, polo ngapi kabla, polo ngapi baada, na urea mliweka kiasi gani pamoja nayo. Bila hiyo ya mwisho hesabu haisimami.